Mafundi wa Sampuli: Mila za Waundaji wa Roketi Ndogo

Kati ya Ruiru na Thika, nchini Kenya, mtu akivunjikiwa na kifaa hakimbilii kununua kipya. Hukifunga kilichovunjika katika gazeti akampelekea fundi, kiwe sampuli. Fundi hukigeuzageuza mkononi, hukipima kwa vidole kabla ya kukipima kwa rula, kisha huuliza kilikuwa kikifanya kazi gani kilipokatika. Kazi ya sampuli ina adabu zake. Fundi habadilishi umbo kwa sababu amelipenda lake zaidi. Hata hivyo, fundi mwerevu huongeza unene kidogo pale alipoona ufa, maana anajua kwamba kitu kikivunjika tena palepale, lawama itarudi kwake.

Waundaji wa roketi ndogo za kumbukumbu huishi kwa adabu hiyohiyo. Nao huanza na kitu kilichokwisha kuundwa: chombo kilichowahi kwenda angani kweli, kwa tarehe inayojulikana, kikiwa na rangi na maandishi yanayojulikana. Hukipunguza mara ishirini, hamsini au mia, wakakitengeneza kwa karatasi ngumu na mbao nyepesi, halafu wakakirusha. Huko kurusha ndiko kunakowatenga na wachongaji wa mapambo. Nakala ya kuwekwa kabatini hukaguliwa na macho ya wageni. Nakala ya kuruka hukaguliwa na upepo, na upepo haupendelei mtu.

Ukanda huu una kila sababu ya kulea watu wa namna hiyo. Juja, iliyo katikati ya miji hii miwili, ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1981 kikiwa chuo cha kati kilichoanzishwa kwa msaada wa Japani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Humo wanafunzi wa uhandisi na walimu wao huendesha mradi wa roketi uitwao Nakuja. Roketi zao hupewa herufi na namba, N-1, N-2 na kuendelea, na fueli yao ngumu huchanganywa kwa nitrati ya potasiamu na sorbitoli. Upande wa Thika kuna shule ya Mang'u, ambako teknolojia ya ndege ni somo la darasani. Kuzunguka hapo pana viwanda, maduka ya vifaa vya ujenzi, maseremala, wachomeleaji na wauza vitambaa. Roketi za Nakuja ni vyombo vya majaribio, wala si nakala za vyombo vya kale. Lakini kijana wa hapa anayetaka kuunda nakala hukuta njia imeshafyekwa: kuna watu wa kuwauliza hesabu, na kuna mafundi wa kuwauliza mbao.

Tena ardhi hii ilizoea miiko ya moto kabla ya chuo na kabla ya reli. Miongoni mwa Wagikuyu, mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja, na laana yake ilikuwa miongoni mwa zile ambazo mtu hakutaka zimfikie. Jamii ilijua kwamba anayeutumikisha moto kwa niaba ya wenzake hana budi kufungwa na sheria ambazo hazimhusu mkulima wala mfugaji. Waundaji wa roketi wa leo hawarithi ukoo, lakini miiko yao imetokana na hofu ya aina hiyohiyo.

Chimbuko la miiko hiyo ni Marekani. Satelaiti ya Sputnik ilipopaa tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wengi wa nchi hiyo waliingia vyumba vya chini na gereji zao kuchanganya fueli, na baadhi yao walipoteza vidole, macho, hata maisha. Wakati huo Orville Carlisle, mwenye duka la viatu huko Nebraska aliyependa fataki, alikuwa amekwisha kuunda roketi ndogo ya karatasi yenye injini ya kubadilishwa. Aliipeleka kwa Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi katika uwanja wa majaribio ya makombora, na wawili hao wakaweka msingi wa mchezo ulioenea duniani. Kanuni kuu ilikuwa moja: injini itoke kiwandani ikiwa tayari, na mikono ya muundaji ishughulike na yaliyobaki.

Kanuni hiyo ndiyo inayowapa tabu watu wa Thika na Ruiru, kwa kuwa injini za namna hiyo si bidhaa ya kukutwa kwenye rafu za maduka yetu. Hapo ndipo mila hugawanyika katika ngazi. Anayeanza hutumia roketi ya maji: chupa ya soda iliyotiwa maji kiasi cha theluthi moja, ikajazwa upepo kwa pampu ya baiskeli, na kuvalishwa ganda la karatasi lenye sura ya chombo anachokiiga. Fueli ya kuwaka huachiwa maabara, penye mwalimu, vifaa vya kupimia na ruhusa. Kuichanganya jikoni au katika nyumba ya kupanga ni mwiko usio na msamaha, na anayeuvunja hatasifiwa ujasiri hata roketi yake ikipaa.

Miiko mingine husemwa mwanzoni na hurudiwa kila mara. Mwili wa roketi uwe wa karatasi, mbao au plastiki nyepesi. Chuma hakiingii, kwa kuwa kikipasuka huwa risasi. Injini huwashwa kwa umeme kutoka mbali, mita tano kwa injini ndogo na zaidi kwa kubwa. Ufunguo wa kisanduku cha kuwashia hukaa kwa mtu mmoja, naye hauchomeki hadi wote wamerudi nyuma. Injini ikikataa kuwaka, ufunguo hutolewa na watu hungoja dakika nzima kabla ya mtu yeyote kuisogelea. Dakika hiyo ni ndefu kwa kijana mwenye pupa, na wakubwa humpima humo: asiyeweza kuingoja hapewi ufunguo.

Kazi yenyewe huanza kwa kutafuta mrija, kabla hata ya michoro. Mtu huenda kwa muuza vitambaa akaomba ule mrija wa karatasi ngumu unaobaki robota likiisha, akapima upana wake, na hapo ndipo hujua ataunda nini na kwa kipimo gani. Tuseme ameupata wa milimita 50. Saturn V, roketi iliyowapeleka wanaanga mwezini, ilikuwa na upana wa mita 10 na urefu wa mita 110. Kwa mrija huo itapunguzwa mara mia mbili na kusimama sentimita 55. V-2 ya Ujerumani, yenye upana wa mita 1.65 na urefu wa mita 14, itafika sentimita 42. Scout ya Marekani, iliyokuwa na upana wa takriban mita moja na urefu wa mita 23 hivi, itapunguzwa mara ishirini na kumfikia mtu mzima juu ya kiuno.

Kuchagua kati ya hizo ni kuchagua wazee wa kujinasibu nao. V-2 huwavutia wengi kwa sababu mapezi yake makubwa huisaidia kuruka kwa unyoofu. Lakini ilikuwa silaha, na wafungwa waliolazimishwa kuiunda katika mahandaki walikufa kwa maelfu. Muundaji anaweza kuiiga, ila hana haki ya kuisimulia nusu. Saturn V haikuwa silaha, nayo huigwa sana duniani. Kwa mtu wa Kenya, hata hivyo, kuna chombo chenye madai makubwa zaidi kwenye meza yake, nacho ni Scout.

Sababu yake iko baharini. Kwenye ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Waitalia chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la San Marco, digrii tatu tu kusini ya ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. Kati ya mwaka 1967 na 1988, satelaiti tisa zilipanda kutoka hapo, zote juu ya Scout. Mashuhuri kuliko zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na uchunguzi wake uliwasaidia wanasayansi kufahamu Cygnus X-1, mahali panapoaminika kuwa na shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya mradi huo, alitunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Mtoto wa Ruiru anaweza kumaliza shule akijua jina la Neil Armstrong bila kusikia kwamba mlango mmojawapo wa elimu ya anga ulifunguliwa kutoka pwani ya nchi yake. Roketi ya karatasi ya urefu wa mita moja, yenye maandishi yake sawasawa, humfundisha hilo kabla hajafungua kitabu.

Scout lakini ni sampuli ngumu, na hapa adabu ya fundi hujaribiwa. Roketi ndogo haina usukani. Hunyooka kwa sababu kitovu chake cha uzito kiko mbele ya mahali ambapo msukumo wa hewa hukusanyika, kwa umbali usiopungua upana mmoja wa mwili wake. Scout halisi ilikuwa na mapezi madogo, kwa sababu iliongozwa na ncha za mapezi zilizogeuka na vibao vilivyopinda moshi wa injini. Nakala isiyokuwa na viungo hivyo, ikiwa na mapezi yaleyale, itapinduka angani mara itakapoacha ufito wa kurushia. Basi muundaji huchagua kosa la makusudi: hutia udongo mzito ndani ya pua ili kuvuta uzito mbele, au huongeza mapezi ya plastiki ang'avu ambayo macho hayayaoni kwa mbali. Kisha huifunga roketi kamba penye kitovu cha uzito na kuizungusha kichwani kwa nguvu. Pua ikitangulia, kazi imekubalika. Mkia ukitangulia, anarudi mezani.

Katika mashindano ya kimataifa, ambayo ubingwa wake wa dunia ulianza mwaka 1972 huko Vršac, Yugoslavia, mshindani hubeba nakala yake pamoja na picha na michoro ya chombo halisi. Waamuzi hawamwamini kwa neno. Asichoweza kukithibitisha hakipati alama. Huo ni ukali uleule wa mteja wa fundi wa jua kali anayeweka kifaa kipya juu ya sampuli na kuichungulia mianya. Na kama ilivyo kwa fundi, marekebisho hayahesabiwi kuwa uongo mradi yaelezwe. Aliyeongeza pezi na kusema, ameheshimu chombo na hewa pia. Aliyeongeza akaficha amemdanganya atakayejifunza kwake.

Siku ya kurusha ina taratibu zinazokaribia sherehe. Idhini huombwa mapema, kwa kuwa anga ya ukanda huu hupitiwa na ndege nyingi na mamlaka ya usafiri wa anga haipendi kushtukizwa. Watu huchagua asubuhi, kabla ya upepo wa mchana kuamka. Mmoja hushika ufunguo, mmoja hutazama anga, mmoja hutunza parachuti, ambayo wengi huishona kwa kitambaa cha mwavuli mkuukuu, hasa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017. Kuhesabu kurudi nyuma hufanywa kwa sauti na kila aliyepo. Watu wengi hudhani desturi hiyo ilizaliwa na wahandisi, kumbe ilienezwa na filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1929 kuhusu safari ya mwezini. Faida yake ni ya kweli: hesabu huwaunganisha watu wote kwenye sekunde moja, na yeyote, hata mtoto mdogo aliyeona ng'ombe akikatiza uwanja, ana haki ya kupaza sauti kuisimamisha. Katika jamii yenye kuheshimu umri kama yetu, hiyo ni haki kubwa.

Roketi ikianguka vibaya, hakuna kuchekana. Vipande huokotwa vyote, hupangwa chini kwa mpangilio wake wa asili, na swali linaloulizwa ni lile la fundi: kilikatikia wapi, kikifanya kazi gani? Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hapa kuvunjika ni sehemu ya mafunzo, na daftari la makosa huthaminiwa kuliko picha za mafanikio, kwa kuwa ndilo analokabidhiwa mwanafunzi ajaye.

Kitu kimoja hakiwezi kuandikwa daftarini, nacho ni uwanja. Roketi huhitaji ardhi tupu pande zote, na ardhi hiyo inapungua. Ruiru, iliyojulikana kwa mashamba ya kahawa kiasi cha kuipa jina aina ya mbuni iliyotolewa mwaka 1985, Ruiru 11, sasa inauzwa kwa ploti. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, magorofa yamefuata lami hadi Juja na kuendelea. Kila shamba linalogawanywa huwapunguzia watu hawa mahali pa kukosea bila kumdhuru mtu.

Kenya ilipopeleka satelaiti yake, Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023, ilipanda kwa roketi ya SpaceX kutoka California. Usione vyaelea, vimeundwa. Tukitaka siku moja vya kwetu viundwe Juja, tuanze na mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kaunti na shule: uwanja mmoja wa wazi usiouzwa, ratiba ya kuutumia inayojulikana na mamlaka ya anga, na mwalimu mmoja wa kushika ufunguo. Karatasi, gundi na vijana tayari vipo.