Safari ya Jalada: Uratibu wa Vyombo vya Haki Nchini Uganda

Uratibu wa vyombo vya haki ni utaratibu unaoviwezesha vyombo vyenye mamlaka tofauti kulihudumia shauri moja pasipo kimoja kuingilia madaraka ya kingine. Makala hii inaifafanua dhana hiyo kwa kurejelea mashauri ya jinai nchini Uganda.

Polisi hupeleleza, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hupima ushahidi, mahakama husikiliza, na Magereza huwahifadhi mahabusu. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1995 inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Hata hivyo, kufikishwa si kusikilizwa. Mshtakiwa wa mauaji hufikishwa mbele ya hakimu asiye na mamlaka ya kuiamua kesi hiyo, kisha hurudishwa rumande. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalipunguza kutoka siku 360 hadi 180 muda ambao, ukipita kabla ya shauri kupelekwa Mahakama Kuu, mshtakiwa hustahili dhamana. Shauri likishapelekwa huko, ibara hiyo haiweki kikomo kingine. Ibara ya 28 inadai usikilizwaji wa haraka, lakini haitaji idadi ya siku. Hivyo, mahabusu anaweza kungoja muda mrefu ilhali kila ofisi inaamini kwamba imekwisha kutimiza wajibu wake.

Pengo la namna hiyo ndilo lililokusudiwa kuzibwa na jaribio lililofanyika Masaka kuelekea mwaka 2000, ambapo maafisa wa vyombo hivyo walikutanishwa kujadili mashauri yaliyokwama. Jaribio hilo lilichangia kuundwa kwa Sekta ya Haki, Sheria na Utulivu, pamoja na kamati za uratibu za wilaya.

Ipo hofu kwamba vikao vya aina hiyo hudhoofisha uhuru wa mahakama unaolindwa na Ibara ya 128. Hofu hiyo huondoka mipaka ikibainishwa: kamati haina ruhusa ya kuuliza hakimu ataamua nini, inaweza kuuliza jalada liko wapi, na limekaa hapo tangu lini.

Kwa hiyo, kipimo cha uratibu si wingi wa vikao. Kipimo ni hesabu moja ya siku, inayoanza mtu anapokamatwa na kukoma hukumu inapotolewa, ambayo vyombo vyote huiona na kuitolea maelezo kwa pamoja.