Mwendo, Petroli na Wimbi la Nyuma ya Tezi

Boti ndogo ya mashine inapokwenda, petroli yake huishia katika kusugua maji ubavuni na chini ya chombo, katika kuyapandisha maji yawe mawimbi, na katika kuyavuruga nyuma ya pangaboi. Upepo nao hudai chake, hasa boti ikiwa imefungwa turubai. Chombo kikishakuwa mbioni, wimbi ndilo linalotafuna zaidi, na ndilo pekee linaloonekana kwa macho. Abiria wa tezini anayetazama kilima cha maji meupe kikifuata chombo anatazama mafuta yaliyolipiwa ufukweni asubuhi.

Maji ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara 800. Gari likiondolewa gia kwenye lami huserereka mbali. Boti ikizimwa huinamisha omo, wimbi la nyuma huifikia na kuipiga tezini, na safari imekwisha. Hakuna kuserereka. Kila mita ya maji hulipiwa, na bei ya mita hiyo hupanda kadiri mwendo unavyopanda.

Mtu aliyeifanyia hesabu bei hiyo kwa mara ya kwanza kwa utaratibu ni William Froude, mhandisi Mwingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alijenga tangi refu la maji karibu na nyumba yake huko Torquay, akawa anavuta humo meli ndogo za mfano na kupima nguvu ya kuzivuta. Alichoonyesha ni kwamba urefu wa chombo na urefu wa mawimbi yake huenda pamoja. Wimbi la bahari lina mwendo wake wa asili: lenye mita 4 kutoka kilele hadi kilele huenda kilomita 9 kwa saa, la mita 9 huenda 13.5, la mita 16 huenda 18. Chombo kikienda pole huwa na mawimbi mafupi kadhaa ubavuni. Kikiongeza mwendo, mawimbi hurefuka, mpaka hufika mahali ambapo kilele kimoja kiko omoni na cha pili kiko tezini. Hapo chombo kimekaa bondeni. Kikisukumwa zaidi, kilele cha nyuma hubaki nyuma, tezi huzama, omo huelekea mbinguni, na mashine inakuwa inapandisha mlima ambao chombo chenyewe kimeujenga na ambao hautaisha.

Kanuni ya kukipata kikomo hicho cha mwendo ni nyepesi. Chukua urefu wa chombo pale kinapogusa maji, kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5. Jibu ni kilomita kwa saa. Mashua ya mita 9 ina kikomo cha 13.5, dau la mita 6 lina kikomo cha 11. Kikomo hiki hakisikilizi ukubwa wa mashine. Mwenye mashua nzito ya mbao ya mita 9 anayeondoa mashine ya nguvu za farasi 15 na kuweka ya 40 hupata kilomita chache tu za ziada, wimbi kubwa linalowatikisa wenye ngalawa, na dumu linalokauka mapema. Nguvu alizoongeza huishia kwenye maji nyuma yake.

Hata chini ya kikomo hicho, hesabu ni kali. Ukinzani wa maji hukua takriban kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayotakiwa kutoka kwenye mashine hukua kwa mchemraba. Nahodha akipunguza mwendo kwa moja ya kumi, nguvu inayohitajika hushuka hadi asilimia 73. Kwa kuwa safari imerefuka kidogo, mafuta ya safari nzima hushuka hadi asilimia 81. Akipunguza kwa moja ya tano, safari ya saa mbili inakuwa ya saa mbili na nusu, na mafuta yanapungua kwa zaidi ya theluthi. Karibu na kikomo faida huwa kubwa kuliko hesabu hii, kwa sababu kilima cha wimbi hupanda ghafla. Mwongozo wa FAO wa mwaka 1999 kuhusu kuokoa mafuta katika vyombo vidogo vya uvuvi unaweka kupunguza mwendo mbele kabisa, na ni ushauri usiohitaji kununua kitu chochote.

Kuna vyombo vinavyotoroka bondeni. Boti ya fiba yenye chini bapa na tezi iliyokatwa wima, ikiwa nyepesi na mashine yake ina nguvu ya kutosha, hupanda juu ya wimbi lake na kuanza kuteleza. Mabadiliko yanasikika kabla ya kuonekana: muungurumo uliokuwa mzito unakuwa mwembamba, omo inashuka, wimbi la nyuma linalala na kuwa michirizi miwili, na mashine inaongeza mizunguko ingawa mkono wa nahodha haujasogea. Dau lililochongoka pande zote mbili haliwezi kufanya hivyo hata lingefungwa mashine tatu. Tezi yake iliyochongoka huyavuta maji na kuzama badala ya kuinuka.

Kwa boti inayoweza kupanda, mwendo mbaya kuliko yote ni ule wa katikati. Mfano wa hesabu utaonyesha. Tuseme boti nyepesi ya mita 6 yenye mashine ya 40 inakwenda pole, kilomita 9 kwa saa, na kula lita 3 kwa saa: hiyo ni theluthi ya lita kwa kilomita. Ikisukumwa hadi kilomita 17, omo juu na tezi ndani ya shimo, hula lita 10 hadi 11, yaani zaidi ya nusu lita kwa kilomita. Ikishapanda na kutulia kwenye kilomita 30 hula kama lita 12, nayo inarudi kwenye lita 0.4 kwa kilomita. Ikifunguliwa yote kufikia 38 kwa lita 19, inarudi tena kwenye nusu lita. Kwa hiyo kuna mabonde mawili ya nafuu, moja chini ya kikomo na lingine mara tu baada ya kupanda, na kati yake mlima. Manahodha wengi wanaodhani wanabana mafuta kwa kwenda “wastani” wako kileleni mwa mlima huo.

Mzigo ndio unaoamua kama bonde la pili lipo. Boti iliyopanda vizuri ikiwa na watu wanne asubuhi, jioni ikiwa na watu kumi na samaki na barafu haitapanda kabisa. Mashine itanguruma kwa nguvu zote, kilomita 17 zitabaki 17. Boti ya namna hiyo haina budi kurudi kwenye bonde la kwanza na kuchukua muda wake. Wakati mwingine abiria wawili wakihama kutoka tezini kwenda katikati, omo hushuka na boti hupanda. Ni marekebisho ya bure, ingawa abiria hupenda kulalamika.

Hesabu ya lita kwa saa, ambayo ndiyo huzungumzwa zaidi ufukweni, haisemi mengi peke yake. Kinacholipa ni lita kwa kilomita, na kukipima hakuhitaji kifaa cha gharama. Tangi hujazwa mpaka alama iliyochorwa, boti huenda kati ya sehemu mbili ambazo umbali wake unajulikana au unasomwa kwenye simu yenye GPS, kisha hurudi njia ile ile ili mkondo na upepo vifutane. Tangi hujazwa tena kwa chupa ya lita moja, na chupa zinahesabiwa. Zoezi likirudiwa kwa resi tatu au nne tofauti, mahali pa mabonde na mlima hujulikana, na alama ya rangi kwenye mkono wa mashine inatosha kuwakumbusha wote watakaoishika.

Mashine yenyewe ina ulafi wake. Katika mashine ya mipigo miwili yenye kabureta, ile inayochanganywa oili na petroli, tundu la moshi na tundu la kuingizia mafuta huwa wazi kwa pamoja kwa muda mfupi, na mchanganyiko mbichi hutoroka bila kuungua. Unaopotea unaweza kufika robo ya mafuta yote. Mashine ya 40 ya mipigo minne ikifunguliwa yote hula takriban lita 15 kwa saa. Ya mipigo miwili ya kabureta hukaribia 20. Hata hivyo ya mipigo miwili imeendelea kutawala pwani na kwenye maziwa, na si kwa ujinga wa wenye boti: ni nyepesi, hubebwa begani mpaka nyumbani, vipuri vyake vichache, na fundi yeyote wa ufukweni huifungua kwa spana chache. Anayevuka mlango wa maji kwa dakika kumi hana sababu ya kuibadilisha. Anayekwenda mbali kila siku anayo.

Uwiano wa oili nao una uongo mwingi. Mashine nyingi za sasa za mipigo miwili zimeundwa kwa 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili katika dumu la lita 20. Oili ikizidi huchafua plagi na petroli huungua vibaya. Ikipungua pistoni hukwama. Hakuna akiba katika upande wowote, na kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa. Na mashine iliyoondolewa gia, inayonguruma bure huku wavuvi wakipanga nyavu, hula mafuta kwa kilomita sifuri.

Pangaboi husahaulika, nalo ndilo linalogusa maji. Hupimwa kwa upana wake na kwa hatua, yaani umbali ambao lingesonga kwa mzunguko mmoja kama lingekuwa skrubu ndani ya mbao. Pangaboi la hatua ya inchi 12, likizungushwa mara 2,500 kwa dakika, lingekwenda karibu kilomita 46 kwa saa. Majini huteleza: kwenye boti nyepesi hupoteza labda moja ya tano, lakini kwenye mashua nzito inayokwenda kilomita 13 linakuwa limepoteza zaidi ya asilimia 70, likichuruza maji nyuma kama mtu anayekimbia kwenye mchanga. Mashua nzito huhitaji pangaboi pana la hatua fupi. Kipimo chepesi ni kufungua mashine yote boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida: isipofikia mizunguko iliyoandikwa kitabuni, hatua ni ndefu mno, ikipita, ni fupi mno. Bapa lililopindwa na jiwe la mwamba nalo hudai mafuta kila siku mpaka linyooshwe.

Chini ya chombo, majani ya bahari na viumbe wenye magamba wanaong'ang'ania mbao huongeza msuguano ndani ya wiki chache kwenye maji ya joto. Kupandisha chombo bamvua, kukisugua na kukipaka upya kulikuwa desturi ya wenye majahazi kabla petroli haijajulikana, na mashine haikuifuta sababu hiyo. Maji ya ngama ni mzigo pia: ndoo kumi za lita 20 zisizofuliwa ni kilo 200, sawa na abiria watatu wasiolipa nauli.

Mkondo unaweza kufuta au kuongeza mara mbili yote yaliyotangulia. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima katika maji ya Tanzania, na wakati wa kusi hushika nguvu hadi kama mita 2 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 7 kwa saa. Kwenye mikono ya bahari na kati ya visiwa, maji ya kujaa na kupwa hutawala. Zanzibar wakati wa bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Boti inayokata maji kwa kilomita 10 dhidi ya mkondo wa 4 huchukua saa tano kufika kilomita 30. Mkondo huo huo ukiwa nyuma yake, huchukua saa mbili na dakika chache. Resi ni ile ile, mafuta yamepungua kwa zaidi ya nusu. Kusubiri maji yageuke ni uamuzi wa petroli. Asiyeweza kusubiri asiende pole mno: pale nguvu inapofuata mchemraba wa mwendo, kasi ya nafuu dhidi ya mkondo ni mara moja na nusu ya mkondo wenyewe. Dhidi ya mkondo wa kilomita 6, mwendo wa 7 hukaribia kusimama mahali pamoja huku mafuta yakienda. Wa 9 hula zaidi ya mara mbili kwa saa lakini hufika kwa theluthi ya muda.

Mashua yenye mlingoti ina jibu la zamani zaidi. Tanga likishika upepo wa kaskazi au kusi wa ubavuni, mashine inaweza kushushwa resi sana au kuzimwa, ikabaki kwa ajili ya kutoka na kuingia bandarini na kwa siku za shwari. Na hesabu yoyote ya nahodha, iwe ya mashine peke yake au na tanga, hugawanya mafuta kabla ya kung'oa nanga: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi isiyoguswa, iliyofungwa kwenye dumu lake.