Kamera Katika Shamba: Namna ya Kuichagua na Kuitumia



Zamani watu wengi walipigwa picha siku ya arusi tu, au walipotaka kitambulisho. Siku hizi kamera imeingia shambani, na mkulima anayejua kuitumia huifaidi kama afaidivyo jembe lake. Mwezi huu twataka kukueleza namna ya kuichagua na namna ya kuitumia.

Kwanza sikiliza habari ya nchi yetu wenyewe. Katika mwaka 1937 afisa wa kuhifadhi udongo, Bwana R. O. Barnes, alipiga picha katika Wilaya ya Machakos, ambayo siku zile ilikuwa pamoja na vilima vyetu vya Mbooni na Tawa. Picha zile zaonyesha vilima vitupu na makorongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walipatafuta mahali pale pale wakapiga picha tena. Waliona matuta, miti na mashamba mazuri, ingawa watu walikuwa wameongezeka karibu mara sita. Habari hizo zimo katika kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichotolewa mwaka 1994. Bila picha za 1937, nani angesadiki kwamba vilima vile ndivyo hivi? Basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kamera: kukumbuka yale ambayo macho husahau.

NAMNA INAVYOFANYA KAZI

Kamera ya zamani ilitumia filamu. Kamera ya dijitali haina filamu. Mwanga huingia kwa lenzi, ukaangukia kipande kidogo kinachougeuza kuwa hesabu, na hesabu hizo huwekwa katika kadi. Kamera ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Marekani. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuweka picha moja. Leo kamera iliyo bora kuliko ile imo ndani ya simu mfukoni mwako.

KUCHAGUA

1. Kama una simu yenye kamera nzuri, usikimbilie kununua kamera nyingine. Jaribu kwanza uliyo nayo.

2. Usidanganywe na hesabu kubwa za megapikseli. Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Picha ya karatasi ya inchi 6 kwa 4, yenye nukta 300 katika kila inchi, yahitaji nukta 1,800 kwa 1,200, yaani zaidi kidogo ya milioni 2. Kwa hiyo kamera ya megapikseli 12 yakutosha kabisa. Lenzi safi ni bora kuliko hesabu kubwa.

3. Uliza kama lenzi yenyewe husogea ili kuvuta kitu cha mbali. Kamera nyingine hukuza nukta zile zile tu, na picha hupoteza usafi wake.

4. Hakikisha kwamba yaweza kupiga kitu cha karibu, kama mdudu au jani. Katika kamera nyingi ndogo alama yake ni picha ya ua.

5. Angalia kama betri na chaja zake zapatikana madukani. Kamera isiyo na betri ni kama gari lisilo na mafuta.

6. Ukinunua iliyokwisha tumika, mulika lenzi uone kama ina mikwaruzo au kuvu. Kisha lipige picha gazeti hili lenyewe, ukuze picha, ujaribu kusoma maandishi madogo ya pembeni. Yasiposomeka, mrudishie mwenye kamera mali yake.

KUTUMIA

Piga picha asubuhi au alasiri. Jua la saa sita hufanya vivuli vyeusi na kuficha alama za ugonjwa. Jua na liwe nyuma yako, lakini kivuli chako kisiangukie unachopiga. Futa lenzi kwa kitambaa laini na kikavu. Usiifute kwa vidole wala kwa ncha ya shati lenye vumbi. Shika kamera kwa mikono miwili, na viwiko vibane mbavuni.

Ukiona ugonjwa au mdudu, piga picha tatu. Ya kwanza ionyeshe shamba, ya pili mmea mzima, na ya tatu jani au mdudu kwa karibu. Weka sarafu kando yake ili ukubwa wake ujulikane.

Twasema hivi kwa sababu tumeona hasara. Mkulima mmoja alituletea picha za mahindi yake katika simu. Zote zilikuwa na ukungu, na zilipigwa kutoka mbali. Bwana Shamba hakuweza kutambua adui ni nani. Alipofika shambani siku chache baadaye, viwavi walikuwa wamekwisha ingia ndani ya moyo wa mahindi, na dawa haikuwafikia tena. Mvua ya vuli ndiyo tunayoitegemea zaidi katika Ukambani, na mkulima huyu alipoteza sehemu kubwa ya mavuno yake.

Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika waligunduliwa katika Kenya mwaka 2017. Ukitaka watambulikane kwa picha, onyesha mambo mawili: kichwa, chenye alama nyeupe mfano wa herufi Y iliyopinduliwa; na sehemu ya karibu na mkia, yenye nukta nne nyeusi zilizopangwa kama pembe nne za meza. Wapige picha wangali wadogo, maana wakati huo ndipo wanapouawa kwa urahisi.

Ukituma picha kwa WhatsApp, jua kwamba hupunguzwa na kupoteza usafi. Itume kama waraka, si kama picha, nayo itafika ilivyo. Iko pia programu iitwayo Nuru, inayotazama majani kwa kamera ya simu na kusema Kiswahili, hata mahali pasipo na mtandao. Lakini programu ni msaidizi tu. Picha haionyeshi mizizi wala haipimi udongo. Kwa mambo hayo, mwite Bwana Shamba.

Kwa matuta na makorongo, fuata desturi ya picha za 1937. Pigilia kigingi mahali pamoja. Simama hapo kila mwaka kabla ya mvua na baada ya mvua, upige picha ukielekea upande ule ule. Baada ya miaka mitatu utajua kama korongo linakua au linapona, na kama fanya juu yako imekushikia udongo. Na jirani akisema maji hayatoki kwake, mtaitazama picha pamoja badala ya kugombana. Lakini usipige picha shamba la mtu bila kumwomba ruhusa.

Mwisho, rekebisha tarehe ya kamera kabla ya kuanza, kwa maana kila picha huandikiwa tarehe yake. Kadi ya gigabaiti 32 huweza kushika picha 8,000 hivi za megabaiti 4. Lakini kadi huharibika na simu huibwa. Weka nakala mahali pengine, na andika katika daftari tarehe, jina la shamba na jambo uliloliona. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, ndugu mkulima, usingoje ugonjwa. Kata kigingi leo, ukipigilie, upige picha yako ya kwanza.