Kuku akizubaa Longonot, nani hupigiwa simu?

Simama kando ya barabara ya Mai Mahiu kuelekea Naivasha, pale chini ya Mlima Longonot, asubuhi ya siku ya soko. Hutakosa kuona bodaboda iliyofunga tenga la kuku nyuma, vichwa vimechomoza, midomo wazi kwa joto na vumbi. Kuku hao wametoka nyumba nyingi: wawili kwa mama huyu, watano kwa jirani, na jogoo mmoja wa karo ya shule. Wanaonana kwa mara ya kwanza humo tengani. Kufikia jioni baadhi yao wako Naivasha mjini, wengine wameupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Nairobi.

Watafiti wa mafua ya ndege wanalijua tenga hilo vizuri. Kati ya 2009 na 2011 walikuwa wakirudi kila mwezi katika masoko 5 ya kuku hai nchini Kenya, wakipitisha kijiti chenye pamba kooni mwa ndege na kwenye tundu la haja. Walipima sampuli zaidi ya 5,000, za kuku, bata, bata mzinga na bata bukini. Zilizopatikana na virusi vya mafua ya kundi A hazikufika hata moja katika kila mia, na hakuna iliyokutwa na H5, aina inayoogopwa kuliko zote.

Tungefurahi tukaishia hapo. Lakini sampuli zilizochukuliwa miaka kadhaa baadaye zilitoa H9N2, na mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, wakachapisha kwamba ndiyo mara ya kwanza aina hiyo kutambuliwa kwa kuku wa Kenya. Ilikuwa karibu sana na ile iliyokwisha kupatikana Uganda. H9N2 haina kishindo. Kuku hukoroma kidogo, mayai hupungua, na mfugaji hulaumu chakula: siku hizi, atakwambia, chakula cha leya wanakichanganya na vumbi la mbao.

Kwangu mimi, H9N2 ndiyo inayoninyima usingizi. Ukoo wake huitwa G1, jina lililotoka kwa kware aliyepimwa Hong Kong mwaka 1997. Mwaka huohuo, katika mji huohuo, H5N1 ilitoka kwa kuku ikaambukiza watu 18 na kuua 6, na serikali ikachinja kuku wote wa mji, zaidi ya milioni moja. Wanasayansi walipochambua kirusi kilichoua watu, walikuta jeni zake za ndani zinafanana mno na za kirusi cha yule kware. Jeni za mafua zimegawanyika vipande 8. Virusi viwili vikiingia katika chembe moja ya kuku mmoja, vipande hushuka na kupanda kama abiria kwenye steji ya Mai Mahiu, na gari linaloondoka halina watu lililokuja nao. H9N2 ni kirusi kipole, lakini kinaweza kukikopesha kirusi kikali vipande vyake.

Hicho kikali kingetoka wapi? Kutoka kilele cha Longonot unaliona Ziwa Naivasha lote, na kuanzia Oktoba bata wa Ulaya na Siberia hushuka humo kukimbia baridi. Mwaka 2006, H5N1 ilipoingia Nigeria, wataalamu wa FAO, CIRAD ya Ufaransa na Wetlands International walipima ndege wa majini katika nchi kadhaa za Afrika. Walikuta virusi vya mafua visivyo vikali, kwa bata wageni na kwa wenyeji pia. H5N1 kali hawakuikuta. Januari 2017 zamu ikawa ya Uganda: ndege wa porini wakaokotwa wamekufa Lutembe, kando ya Ziwa Victoria, na kuku wakafa Masaka. Ilikuwa H5N8. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku, vifaranga na mayai kutoka huko.

Flamingo wa Nakuru, nao, husingiziwa bure. Wakifa wengi, mtaa mzima hutaja mafua ya ndege, ilhali vifo vyao katika maziwa ya magadi vimehusishwa zaidi na sumu ya mwani na bakteria wa jamii ya kifua kikuu.

Kwa binadamu kirusi cha ndege hakishiki kirahisi. Chembe kinazoweza kuzing'ang'ania vizuri ziko chini kabisa mapafuni, si puani. Ndiyo maana wanaougua ni wachache, na ndiyo maana wakiugua huwa ni nimonia: tangu 2003 karibu nusu ya waliothibitishwa kuambukizwa H5N1 duniani wamekufa. Misri pekee imepoteza watu wapatao 120, na wagonjwa wengi walitoka nyumba zinazofuga kuku uani.

Uani, basi. Kuku amezubaa tangu asubuhi, manyoya yamesimama, upanga umegeuka zambarau. Kila mtu husema ni kideri, yaani Newcastle, na mara nyingi ni kideri kweli, kwa kuwa chanjo ya Newcastle haikununuliwa. Jioni anachinjwa kabla hajafa, maana nyama ni pesa. Supu yenyewe haina neno. Moto huua kirusi. Hatari ilikuwa kwenye karai la kunyonyolea, mikononi mwa msichana aliyetumwa kuchota maji moto, na kwenye utumbo aliotupiwa mbwa.

Mwaka 2006 KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walianza kupima mafua kwa wagonjwa wa kifua katika hospitali kadhaa, Nakuru ikiwemo. Kipimo kipo. Kinachokosekana mara nyingi ni yule muuguzi atakayemuuliza mama mwenye mtoto anayehema: huko nyumbani kuku wako wazima?

Na upande wa kuku, maabara ya uchunguzi wa mifugo iko Nakuru mjini. Mzoga unatakiwa ufike bado ukiwa baridi, ndani ya barafu, siku hiyohiyo. Mfugaji wa Longonot anapiga hesabu ya nauli, barafu, na siku nzima ya kazi iliyopotea, halafu jibu likija baya banda lote litachinjwa. Hapo nje bodaboda ya soko inapiga honi, na kuku waliobaki, ambao bado wanasimama, wana bei.