Nilinunua picha ya mama wa mtu kwa shilingi 20

Picha ya kwanza haikunigharimu hata ndururu. Ilidondoka kutoka kwenye kitabu cha jiografia nilichonunua kwa wale wauzaji wa vitabu wanaotandaza kando ya barabara jijini Nairobi, wale ambao lazima uiname ndiyo uone. Ilikuwa picha ndogo, nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa kama mawimbi. Wavulana watatu wamevaa kaptura, mmoja amekumbatia redio kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nyuma hakuna jina.

Hiyo ni miaka minne iliyopita, muda mfupi baada ya mimi kuacha chuo. Karo ilikuwa imenishinda na nilikuwa na muda mwingi kuliko pesa. Nikarudi kwa yule mzee wa vitabu nikamuuliza kama ana picha zingine.

"Kijana, picha za watu usiowajua ni za nini?" akacheka. Kisha akatoa bahasha chini ya gunia. Mbao kila moja.

Leo nina picha 140 kwenye boksi la viatu. Zingine nilizipata kwa majamaa wa mali kwa mali, wale hupita mitaani wakibadilishana mabeseni na vitu kuukuu. Zingine zilitoka kwa studio moja iliyokuwa inafunga milango. Huko kulikuwa na picha za wateja waliolipa nusu, wakasema watarudi Ijumaa, na hiyo Ijumaa haikufika.

Watu huniuliza ninaona nini kwenye nyuso za watu nisiowajua. Jibu ni kwamba uso huwa ninauacha mwisho. Kwanza ninaigeuza picha. Muhuri wa studio unaweza kukupa mji papo hapo: Parekh ni Mombasa, Bakor ni Lamu. Kisha naangalia karatasi yenyewe. Kingo za mawimbi, mara nyingi ni kati ya miaka ya 1940 na 1960. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka wekundu, kwa sababu rangi zilizo ndani yake hazififii kwa kasi moja.

Halafu naangalia vitu vilivyo nyuma ya watu. Jumba la KICC lilikamilika mwaka wa 1973, kwa hivyo likionekana likiwa zima, unajua picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ukiona gari lenye namba inayoanza na KAA, umefika mwisho wa miaka ya 1980 au baadaye. Suruali ya miguu mipana na viatu vya soli nene vinakuambia miaka ya sabini, lakini hapo chunga. Nguo ya kaka mkubwa huvaliwa miaka kumi baadaye na mdogo wake. Sisi sote tunajua hivyo.

Na usidanganywe na pazia la studio. Miaka ya 1990 wapigapicha waliokuwa na vibanda karibu na feri ya Likoni walitumia mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu. Mtu aliyesimama mbele ya ndege hakuwa anasafiri kwenda popote. Pengine alikuwa ametoka kazini Mombasa na anasubiri kuvuka aende nyumbani. Lakini sasa unajua alitamani nini, na pia unajua kwamba watu wa kwao wangepokea picha akiwa na ndege nyuma yake.

Sasa, ukishajua mambo haya, unaanza kujiona mtaalamu. Mimi nilijiona. Nikaanza kuweka picha mtandaoni na kuziandikia maneno ya kuchekesha. Huyu nilimpa kazi ya ukondakta, yule nikampa wake wawili, mwingine nikasema ana deni la duka. Wasee walipenda sana. Hakuna mtu angelalamika, si hawa watu hawajulikani?

Kisha nikaweka ile picha ya KICC.

Ni ya rangi, imeshaanza kuwa nyekundu. Kijana mwenye suruali pana amesimama wima kama askari. Kando yake ni msichana mwenye gauni jeusi na mkoba mdogo, nywele amenyoa zote. Hacheki. Anaangalia pembeni, kama mtu aliyeitwa na mtu mwingine. Nikaandika kwamba hawa ni wapenzi, kwamba dada ametangulia mtindo wa kunyoa kipara kabla ya kila mtu Nairobi, na kwamba jamaa ataachwa kabla ya picha kuoshwa. Nikalala nikiwa nimefurahi.

Asubuhi nikakuta ujumbe. "Habari yako kijana. Huyo msichana mnayemcheka ni mama yangu. Huyo kijana ni mjomba. Walikuwa wametoka kumzika baba yao, wakaja Nairobi kufuatilia pesa zake za kazi. Ndiyo sababu amenyolewa. Tafadhali, hiyo picha uliitoa wapi?"

Nilisoma mara tatu. Kisha nikaifungua picha tena, na nikaona aibu ya aina ambayo sijawahi kuona. Kila kitu kilikuwa pale! Kichwa kilichonyolewa, gauni jeusi, uso usiocheka. Hata masikio yao yanafanana, na paji la uso. Kwetu shosho alinyolewa guka alipofariki, mimi mwenyewe nikiwa hapo uani. Nilijua kuhesabu orofa za KICC lakini sikumwona mtu aliyefiwa.

Niliifuta, nikaomba msamaha, nikamwambia nitamletea. Tulikutana kwenye benchi la bustani ya Jeevanjee. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo ilifanya iwe ngumu zaidi.

Aliniambia nyumba yao iliteketezwa mapema mwaka wa 2008. Mnakumbuka wakati huo, au mmesimuliwa. Walitoka na nguo za mwilini. Albamu zilibaki ndani. Mama yake alipofariki miaka michache baadaye, hawakuwa na picha ya kuweka kwenye programu ya mazishi. Walichukua kitambulisho chake, wakakikuza kwenye saiba hadi kikawa na ukungu.

"Nilimzika na uso wa kipande," akasema. "Mikono yake nilikuwa nimeanza kuisahau."

Alipoishika picha, hakuangalia uso kwanza. Aliangalia mkoba, na vidole vilivyoushika.

Picha ile ilifikaje kwenye barabara ya jiji? Hakuna kati yetu anayejua. Labda mjomba ndiye aliyebaki nayo, labda ni nakala ya mpigapicha. Alinirudishia shilingi 20 yangu. Nilikataa, akasisitiza, nikaichukua. Bado ninayo.

Nikiwa kwenye matatu nikirudi mtaani nilikumbuka picha za Gulu, kaskazini mwa Uganda. Kuna studio huko inaitwa Gulu Real Art Studio. Mashine yake ya picha za pasipoti ilitoa nne kwa mpigo, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Basi mwenye studio alikuwa akimpiga mtu picha kubwa, anakata uso kwa saizi ya pasipoti, na kinachobaki kinatupwa. Mpigapicha wa Italia, Martina Bacigalupo, aliona mabaki hayo, akayakusanya, na mwaka wa 2013 yakatoka kama kitabu. Ni watu wameketi vizuri, mikono magotini, na mahali pa uso kuna tundu la mraba. Wengi wamevaa koti moja, lile la kuazimwa pale studio.

Zamani niliziona kama picha za kutisha kidogo. Siku hiyo nilifikiria ile mikono. Kule Gulu kulibaki mwili, uso ukaenda kwa ofisi. Kwa huyu mama ulibaki uso, mwili wote ukateketea.

Na hili neno "asiyejulikana" tulitumie kwa uangalifu. Mwaka wa 1991 picha za studio kutoka Bamako, Mali, zilionyeshwa New York zikiwa hazina jina la mpigapicha. Aliyezipiga alikuwa Seydou Keïta, na alikuwa hai, tena Bamako kwenyewe, mjini ambako watu walikuwa wamepanga foleni kwake miaka mingi. Alipotafutwa, alipatikana. Vivyo hivyo na wavulana wangu watatu wa redio. Mimi ndiye nisiyewajua. Kuna nyumba mahali fulani ambako mtu akiona picha ile atasema, "Si huyu ni guka!"

Kwa hivyo nimebadilisha mtindo. Bado nanunua, na bado naziweka mtandaoni, lakini situngi tena. Ninaandika kile kinachoonekana: karatasi, muhuri, mahali nilipoinunua, nguo, kilicho nyuma. Nikikisia, nasema ninakisia, na ninasema kwa nini. Mwisho naweka mstari mmoja: kama unamjua, niambie, picha ni yako. Siku hizi wanaocheka ni wachache, ukweli usemwe. Lakini picha tatu zimeshaenda nyumbani.

Wewe msomaji, pengine hukusanyi picha za wageni. Lakini pale kwenu, chini ya kitanda au juu ya kabati, kuna bahasha. Ndani yake kuna watu ambao shosho peke yake ndiye anawajua. Siku akienda, watakuwa watu wasiojulikana ndani ya nyumba yao wenyewe, na miaka ishirini baadaye watakuwa kwenye gunia la mtu kama mimi, mbao kila mmoja.

Kaa naye jioni moja. Shika picha moja moja, muulize ni nani, ni wapi, na siku hiyo kulikuwa na nini. Andika nyuma kwa penseli laini, taratibu, kando kando, usitumie biro maana wino huvuja na alama yake hutokea mbele. Usiende kuilaminisha pale saiba, ile plastiki ya moto haitoki tena. Ipige kwa simu, mtumie kila mtu kwenye familia, ili moto au mafuriko yakija isiwe moja tu.

Mimi naenda kwetu Jumapili hii. Shosho ana bati la biskuti ambalo tangu utotoni nilidhani lina nyuzi na sindano. Juzi kwa simu aliniambia nyuzi ziko juu tu, chini ni picha. Nimeshanunua penseli mbili.