Deni la Kenya Halilipwi kwa Dola

"Dola leo bei gani? Nataka kulipa HELB." Kila mshahara ukiingia, swali hili halikosi Arua na Koboko. Anayeuliza ni Mkenya, mwalimu au mfanyakazi wa shirika, anayehudumu kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Lobule au Bidi Bidi. Anayemjibu humtajia bei ya dola, naye huenda zake ameridhika. HELB, bodi ya Kenya ya mikopo ya elimu ya juu, inakudai shilingi za Kenya, ndugu yangu. Mshahara wako ni shilingi za Uganda. Dola imeingiaje hapo?

Ilikotoka imani hii, kwamba deni la Kenya lazima lipitie dola, kunajulikana. Eneo hili la West Nile, Uganda, linaishi kwa mpaka. Mfanyabiashara anayevuka Vurra au Lia kwenda Aru na Ariwara hupiga hesabu zake kwa dola, maana Kongo dola ni pesa ya sokoni. Anayeuza Sudan Kusini kupitia Oraba huikimbilia dola kwa sababu pauni ya huko imeporomoka mno. Hao wako sahihi, na wewe ukiwa na deni la dola Ariwara, nunua dola. Lakini kuichukua kanuni ya Ariwara ukaipeleka Nairobi ni kuchoma pesa yako mwenyewe.

Tupige hesabu kwa bei za mfano. Tuseme bei ya kati ya dola ni shilingi 3,640 za Uganda, au 130 za Kenya. Shilingi moja ya Kenya basi ni 28 za Uganda, na 1,120,000 zako zina thamani ya 40,000 za Kenya. Sasa nenda kanunue dola. Hutauziwa kwa 3,640. Utauziwa, tuseme, kwa 3,700. Unapata dola 302 na chenji. Dola hizo zikifika Nairobi hazinunuliwi kwa 130, zitanunuliwa kwa 127. Mkononi zinabaki 38,354. Zaidi ya 1,500 zimekwenda, na bado hujamlipa aliyezibeba. Umebadilisha pesa mara mbili, na kila mara kuna mtu aliyekula katikati.

Tena hapo nimechukulia kwamba noti zote zimepokelewa. Mbadilisha fedha huigeuza noti, akasoma mwaka, akakagua mikunjo kwenye mwanga, kisha ile ya zamani yenye kichwa kidogo akairudisha au akaitajia bei ya chini. Noti za dola 5 na 10 nazo hununuliwa kwa bei ya chini kuliko ya 100. Wewe uliyeuziwa mchanganyiko wa noti Arua ndiye utakayebeba hasara hiyo.

Imani hii ina pacha wake: njia "isiyo na makato". Hakuna anayesafirisha pesa bure. Asiyekata ada hukata kwenye bei. Kwa mfano uleule, huduma inayotoza ada ya 12,000 za Uganda na kukubadilishia kwa 28.5 itafikisha 38,877 za Kenya. Ile ya "bure" inayobadilisha kwa 29 itafikisha 38,620. Ya bure ndiyo ghali. Basi acha kuuliza bei ya dola, acha kuuliza makato. Uliza hivi: nikitoa milioni moja na laki moja na elfu ishirini, Kenya zitafika shilingi ngapi? Anayeshindwa kukutajia tarakimu moja kabla hujalipa, achana naye.

Na wale wanaongoja dola ishuke ndio wanaoniumiza zaidi. Riba ya HELB ni asilimia 4 tu kwa mwaka, lakini anayeacha kulipa hupigwa faini ya 5,000 za Kenya kila mwezi. Hakuna mshuko wa dola utakaokurudishia hizo.

Fanya hivi basi. Kwa kiasi cha kawaida, tuma kwa simu moja kwa moja kwenda M-Pesa. MTN na Vodafone walitangaza kuunganisha huduma zao za pesa, M-Pesa ikiwamo, tangu 2015, na Airtel nayo uipime siku hiyohiyo. Mshahara ukiingia kwenye simu, usiutoe taslimu ndipo uuweke tena: tangu 2018 serikali ya Uganda humkata kodi anayetoa, sasa asilimia 0.5, mbali na ada ya wakala. Kwa kiasi kikubwa nenda benki, uulize kwa jina mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, uliozinduliwa rasmi 2014: unapeleka shilingi za Kenya bila kupitia dola. Karani akikwambia lazima dola, omba kumwona mkubwa wake. Laini yako ya Kenya usiiache ife. Jitumie mwenyewe, kisha lipa mwenyewe kwa namba ya malipo ya HELB, akaunti ukiijaza kama HELB inavyoelekeza. Usimpitishie shemeji, kwa sababu ada ya shule ya watoto wake itatangulia deni lako. Ukiwa pia na deni la SACCO, chama cha akiba na mikopo, fanya vivyo hivyo, kwa namba ya uanachama. Tuma siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, utunze ujumbe wa muamala, na baada ya siku mbili tatu angalia salio la mkopo. Malipo yasipoonekana, wapelekee HELB namba ya muamala mwezi huohuo, kabla faini haijaandikwa.