Jino lina mafundi wake, ila wamelala

WAKAZI wengi wa kaunti za Meru na Embu, sawa na Wakenya wengine, humwendea daktari wa meno pale tu maumivu yanapowanyima usingizi. Kufikia hapo, aghalabu dawa inayobaki ni koleo. Hata hivyo, wanasayansi wamegundua kuwa ndani ya jino mna mafundi ambao, wakiamshwa ipasavyo, wanaweza kujenga upya sehemu zake.

Mafundi hao ni seli shina, yaani seli ambazo hazijapewa kazi maalumu na zinazoweza kugeuka kuwa za aina mbalimbali. Mnamo mwaka wa 2000, watafiti nchini Marekani, miongoni mwao Stan Gronthos na Songtao Shi, walitangaza kuzipata katika nyama laini iliyo ndani ya magego ya mwisho ya watu wazima. Mwaka wa 2003, zilipatikana pia katika meno ya utotoni, yale ambayo watoto wetu huyarusha juu ya paa wakiomba mapya.

Ikiwa mafundi wamo, mbona jino lililotoboka halijizibi? Ganda gumu la nje halimei tena, kwani seli zilizolijenga hufa jino linapochomoza. Sehemu ya ndani hujaribu kujikinga kwa kuongeza safu nyembamba ya dentini, lakini uozo ukienda kasi huishinda. Watafiti sasa wanatafuta namna ya kuwahimiza mafundi hao, na njia mojawapo ni taaluma iitwayo epijenetiki.

Mkulima wa kahawa wa Runyenjes au Imenti atalielewa jambo hili upesi. Mkahawa uliozeeka ukikatwa, kisiki huchipua upya. Machipukizi hayo hayakuletwa kutoka kwingine; macho yake yalikuwa yamelala shinani yakingoja ishara. Vivyo hivyo, takriban kila seli ya mwili hubeba maagizo yale yale ya urithi, yaani DNA. Seli ya ufizi hutofautiana na ya ini kwa sababu ya maagizo yaliyofunguliwa na yaliyofungwa. Epijenetiki huchunguza kufuli hizo.

Kufuli zenyewe ni alama ndogo za kikemikali. Baadhi hubandikwa kwenye DNA, na nyingine kwenye protini ambazo DNA imejizungushia mithili ya uzi. Kimeng'enya kiitwacho EZH2 huweka alama zinazonyamazisha jeni. Kingine, KDM6B, huziondoa ili seli shina za meno zianze ujenzi. Katika maabara, hata asidi ya valproiki, inayotumiwa kutibu kifafa, imewahi kuzichochea seli za jino kutengeneza madini zaidi. Hilo halimpi yeyote ruhusa ya kumeza dawa hiyo kwa ajili ya meno.

Tayari seli shina zimejaribiwa kwa binadamu. Mwaka wa 2018, watafiti wa Xi'an, Uchina, waliripoti kuwatibu wagonjwa ambao meno yao ya mbele yalikufa baada ya kuumia. Walitumia seli kutoka kwa meno ya utotoni ya wagonjwa wenyewe, na nyama ya ndani ikamea tena ikiwa na mishipa ya damu na hisia.

Tiba hizo zingali za majaribio, na anayeziuza mitaani kama dawa ya uhakika anawahadaa wananchi. Wakati huohuo, mzigo ni mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu afya ya kinywa uliwapata takriban asilimia 98 ya watu wazima wakiwa na fizi zinazotoka damu.

Miraa ya Meru na muguka wa Embu, zao linalowalipia wengi karo, hutafunwa kwa saa nyingi. Kinywa hukauka, na mtafunaji hupunguza uchungu kwa soda, peremende au chingamu. Sukari hiyo huwalisha bakteria wanaoozesha meno. Tena, uvimbe wa fizi wa muda mrefu pamoja na moshi wa sigara huweza kuvuruga alama zile zile zinazoongoza seli.

Somo la epijenetiki, basi, halingoji maabara. Mafundi hawa huishi maadamu nyama ya ndani ingali hai, na tundu dogo likizibwa mapema wao hubaki salama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa jino, kwa sasa, bado hauna mjenzi katika hospitali zetu.